Mashine ya marehemu baba: tuifufue au tuitoe?

Shikamoo fundi,

Naomba ushauri kabla fedha hazijatoka mfukoni. Tuna boti ya mbao tuliyoachiwa na marehemu baba, na ndani yake kuna dizeli ya silinda tatu aliyoifunga mwenyewe nikiwa sijaanza shule. Leo nina watoto wanaosoma. Boti inatulisha: tunavulia, na mara mojamoja tunabeba wageni wanaotaka kutembea baharini.

Siku hizi asubuhi mashine ni mbishi kuwaka. Inazungushwa weee mpaka betri inaanza kulegea, na ikikubali inatoa moshi mweupe mwingi, halafu moshi wa bluu. Ikipata joto moshi unapungua ila hauishi. Oili tunaongeza mara kwa mara na hatuoni inakokwenda, maana ngama, pale chini ya boti panapokusanyika maji, haina mafuta. Na nguvu imepungua. Nikisukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, nyuma kunakuwa na wingu jeusi, na mizunguko inakwama kwenye 2,100 kwa dakika wakati kibao cha mashine kimeandikwa 2,600. Kitu kimoja tu ndicho kizuri: haichemki kabisa. Geji ya joto haijawahi kuvuka nyuzi 60 hata tukienda kutwa nzima. Kaka yangu mkubwa anashikilia hapo, anasema mashine isiyochemka ni mashine nzima.

Niongeze kwamba tukishatega nyavu huwa tunaiacha ikiunguruma taratibu bila gia kwa saa nyingi, ili betri zijae na taa ziwake. Na mwaka juzi propela ilivunjika, tukanunua nyingine kubwa kidogo ili tupate mwendo.

Fundi wetu anasema tufungue juu, tubadilishe ringi na gasketi, tusage valvu, tufunge. Kaka anamuunga mkono, na ameapa kwamba mashine ya baba haitoki humo akiwa hai. Shemeji, ambaye ndiye nahodha, anataka mpya, tena yenye nguvu mara mbili. Halafu kuna rafiki wa familia ana injini ya dizeli ya gari la mizigo, anatuuzia kwa bei ya kutupa, anasema ifungwe tu, dizeli ni dizeli. Mwenye kutoa fedha ni mimi. Nifuate la nani?

Mtunza Hazina wa Familia


FUNDI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kwa sasa usifuate la yeyote, kwa sababu katika barua yako yote sijaona mahali ambapo mashine hii imepimwa. Imesikilizwa, imetazamwa moshi, imependwa. Haijapimwa. Uzuri ni kwamba wewe mwenyewe, bila kujua, umeniandikia mambo matatu ambayo yanasema mengi kuliko moshi.

La kwanza ni propela. Dizeli ya boti ina gavana. Ukisukuma mkono wa mafuta, hujaiongezea mafuta moja kwa moja. Umeiagiza mwendo, na gavana ndiye anayeongeza mafuta mpaka mwendo huo upatikane. Propela ikiwa kubwa mno, mwendo haupatikani, gavana anazidi kumwaga mafuta, hewa haitoshi kuyachoma yote, na kilichobaki kinatoka kama wingu jeusi. Hivyo mashine inafanya kazi ikiwa imelemewa tangu mwaka juzi, na kulemewa huko kunaunguza valvu na vichwa vya pistoni hata kama geji ya maji haisemi kitu. Mashine ikiwa ya moto na gia iko nje, sukuma mkono mpaka mwisho kwa muda mfupi. Ikifika 2,600 na kupita kidogo, lakini ndani ya gia inakwama 2,100, basi kuna mzigo unaoizidi au nguvu inayopungua, au vyote viwili. Pandisheni chombo, kwangueni magamba yote chini, kisha soma namba zilizogongwa kwenye kitovu cha propela: ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Tafuta na ile ya zamani iliyovunjika, usome zake. Kwa kawaida inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika, kwa hiyo pengo lako la 500 si dogo. Ila usikimbilie kupunguza propela leo. Kama kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) imekwisha, utakuwa umeipa propela ndogo mashine dhaifu, kisha ukaiita imepona.

Kabla hujaondoka kwenye moshi mweusi, fungua kiwiko cha ekzosi, pale ambapo maji ya bahari yanachanganyika na moshi. Watu wachache hukigusa. Masizi na chumvi huganda humo ndani tabaka juu ya tabaka, mpaka tundu lililopaswa kupitisha vidole viwili linabaki la kupitisha penseli, na mashine inashindwa kupumua nje. Mashine ya namna hiyo hutoa moshi mweusi, hukosa mizunguko, na watu huitangaza imekufa. Kazi yake ni ya saa chache na gasketi moja. Ukikuta kiwiko kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa chembamba, kibadilishe bila mjadala, kwa sababu kikitoboka upande wa ndani, maji ya bahari yanaweza kurudi hadi kwenye silinda.

La pili ni hiyo 60 anayoifurahia kaka yako. Mimi ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko moshi wote. Dizeli yenye maji yake ya ndani, yanayozunguka peke yake na kupozwa na ya bahari kupitia kipozeo, kwa kawaida hukaa kwenye 80 na kitu. Isiyovuka 60, ama geji inadanganya, ama thamostati (valvu inayofunguka na kufunga maji kulingana na joto) imekwama wazi, ama, na hili ndilo ninalolibashiri, inapozwa kwa maji chumvi yenyewe, yanapita moja kwa moja ndani ya bloku. Hizo hufungwa thamostati ya joto la chini makusudi, kwa kuwa maji ya bahari yakizidi hapo chumvi huanza kuganda kwenye njia zake. Angalia kama kuna tangi dogo lenye mfuniko wa kujazia maji. Kama halipo, jibu umelipata. Wapo watengenezaji waliotoa mashine ileile kwa namna zote mbili: Yanmar 3GM30 hupozwa kwa maji chumvi, na 3GM30F, yenye herufi F mwishoni, ina maji yake ya ndani. Kwa hiyo soma kibao cha yako mpaka herufi ya mwisho.

Kwa nini nahangaika na hili? Pistoni, ringi, beringi na laina (ganda la chuma linalovikwa ndani ya silinda) hununuliwa. Bloku iliyoliwa na chumvi kwa ndani huwezi kuirudishia chuma chake. Isitoshe, mashine inayokwenda baridi miaka yote, oili yake haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na tope hujijenga ndani. Kwa hiyo kutochemka si cheti cha afya.

La tatu ni kuunguruma bila kazi. Dizeli haipendi kukaa hivyo. Joto na presha ndani ya silinda huwa ndogo, ringi hazisukumwi vizuri kwenye ukuta, na ukuta unang'arishwa mpaka unakuwa kama kioo. Mikwaruzo midogo ya kiwandani iliyokuwa inashika oili inafutika, oili inapanda, inaungua, na ndiyo bluu unayoiona. Hapo ndipo ushauri wa fundi wenu unaponikwaza. Ringi mpya kwenye ukuta uliong'aa hazikai. Ukuta lazima upitishiwe mawe ya kusugua ili ushike tena, na hilo linafaa tu kama silinda bado ni duara. Kama imelika na kuwa yai, ni laina mpya, au kutoboa bloku kwa ziada ya milimita 0.25 au 0.50 na kutafuta pistoni za saizi hiyo. Asiyetaja geji ya kupimia silinda kabla ya kutaja ringi anakuuzia kazi nusu, na kazi nusu ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu utailipa tena.

Sasa, kupima. Anza na vya bei ndogo vinavyojifanya ugonjwa mkubwa: betri na nyaya zake (stata ikizunguka polepole dizeli haiwaki hata ikiwa mpya), filta ya hewa, hewa kwenye njia ya mafuta, na nozeli. Moshi mweupe wa asubuhi mara nyingi ni mafuta ambayo hayajaungua, na nozeli inayochuruza badala ya kupuliza inatosha kuuleta. Nozeli zote tatu ziende kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia.

Nozeli zikiwa nje, hapohapo pima kompresheni, mashine ikiwa ya moto na betri imejaa. Dizeli ndogo yenye afya kwa kawaida husoma zaidi ya bar 25, ila namba yako halisi imo kwenye kitabu cha mashine. Tazama zaidi tofauti kati ya silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, iliyo chini ina neno. Mafundi wengi wangemimina oili kidogo kwenye silinda hiyo na kupima tena. Kwa dizeli mimi sipendi, kwa sababu nafasi juu ya pistoni ni ndogo sana na oili yenyewe inapandisha kipimo. Afadhali hewa ya kompresa. Pistoni iwe juu, valvu zimefungwa, hewa iingizwe kwenye tundu la nozeli, kisha usikilize. Ikivuma kwenye njia ya kuvutia hewa, ni valvu ya kuingiza. Ikivuma kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ikitokea kwenye mfuniko wa oili, ni ringi na ukuta wa silinda. Na maji yakitoa mapovu pale kwenye nyumba ya thamostati iliyofunguliwa, ni gasketi, au ni ufa. Dakika kumi za kusikiliza zinaondoa ugomvi wa mwaka.

Kama kuna maabara ya oili unayoweza kuifikia, peleka sampuli ikiwa bado ya moto. Chuma kikizidi kinatoka kwenye kuta za silinda au gia, risasi na bati vinatoka kwenye beringi, alumini kwenye pistoni. Sodiamu kwenye mashine kama yako ni maji ya bahari.

Haya yote yakionyesha kuwa silinda zimechoka, ndipo silinda hedi itoke, na hapo nataka kaka yako awepo, tena ndiye ashike tochi. Msisimame kwenye pistoni. Tazameni matundu ya maji yanayozunguka silinda. Chukueni bisibisi, mkwangue. Kutu ya juujuu ni kawaida. Lakini kama chuma kinatoka vipande vipande, au ukingo kati ya tundu la maji na silinda umeliwa mpaka gasketi haina mahali pa kukalia, hakuna fundi chini ya jua wa kukusaidia kwa fedha za busara. Hedi inaweza kusagwa ikanyooka. Ukingo uliokwisha haurudi. Kaka akiuona kwa macho yake hutahitaji kumshawishi, na itakuwa heshima zaidi kwa mzee wenu kuliko kubishana na kaka sebuleni.

Tuseme bloku ni nzima. Hapo nipo upande wa kaka, kwa masharti. Ovahoo iwe kamili: laina au kutoboa, pistoni na ringi zake, beringi zote, kranki ipimwe na kusagwa kama inahitaji, hedi ipimwe ufa, pampu ya mafuta na nozeli zipimwe. Na kabla hamjatenganisha bolti moja ya chini, orodha ya vipuri iwe mkononi na kila kimoja kimethibitishwa kuwa kinapatikana. Anza kuulizia vipuri vya upande wa maji. Bloku nyingi za boti ni ndugu wa zile za trekta na jenereta, kwa hiyo pistoni hupatikana miaka mingi baada ya mashine kuacha kutengenezwa. Manifoldi ya ekzosi, kiwiko na pampu ya maji chumvi ndivyo vinavyopotea sokoni kwanza, na mashine nzuri isiyo na pampu ya maji ni nanga ghali. Kama inawezekana kuifungia kipozeo ili bloku ipate maji yake ya ndani, fedha hizo ni za maana kuliko rangi mpya.

Wako watakaokwambia: ovahoo ikivuka nusu ya bei ya mashine mpya, nunua mpya. Kanuni hiyo siipendi. Inalinganisha ovahoo iliyokamilika na mashine mpya ikiwa bado ndani ya sanduku, na mashine ndani ya sanduku haisukumi boti. Vitanda vyake vitakuwa na upana mwingine, kimo cha shafti kingine, kaplingi (kiungo cha giaboksi na shafti) nyingine. Mashine za kisasa huzunguka haraka zaidi, nyingi hufika 3,000 hadi 3,600, kwa hiyo uwiano wa giaboksi utabadilika, na huenda hata upande wa kuzungukia, na propela nayo ibadilike. Bomba la ekzosi huenda likataka kipenyo kikubwa zaidi. Ongeza nyaya, dashibodi, kebo za mafuta na gia. Halafu kuilenga na shafti: nyuso za kaplingi zenye kipenyo cha milimita 100 zisiachane zaidi ya milimita 0.1 mahali popote mkizizungusha na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kipimo cha mwisho kifanyike boti ikiwa majini siku moja au mbili, kwa sababu chombo cha mbao hujikunja kikipandishwa na hujinyoosha kikielea. Omba bei ya yote hayo kwa pamoja, kisha ndiyo ulinganishe.

Na umwambie shemeji aache habari ya nguvu mara mbili. Boti inayokata maji bila kupanda juu yake ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake kwenye mstari wa maji: chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi, zidisha kwa 1.34, unapata noti, yaani maili za baharini kwa saa. Urefu wa futi 25 unakupa kama noti 6.7. Nguvu ya ziada baada ya hapo inachimba shimo majini na kumeza mafuta. Nguvu ileile aliyoichagua baba yenu, au kuzidi kidogo tu, inatosha.

Ukinunua mpya, mimi ningetafuta yenye pampu ya mafuta ya kimakenika na bloku inayotumika pia kwenye mitambo ya nchi kavu. Beta Marine na Nanni, kwa mfano, wana mashine zilizojengwa juu ya bloku za Kubota, na bloku hizo zinafanya kazi kwenye mitambo mingi ya ujenzi na kilimo. Zile za kielektroniki zina moshi mdogo na kelele ndogo, ila zinataka mafuta safi kabisa na mtu mwenye kompyuta ya kuzisoma. Kwa yoyote utakayochagua, safisha tangi kabla ya kuifunga. Tope la tangi la zamani huua nozeli mpya bila kuona haya.

Rafiki wa familia mshukuru, umwache na injini yake. Boti ni gari linalopanda mlima usio na kilele: hakuna mteremko wa kupumzikia. Injini ya gari hutumia sehemu ndogo ya nguvu zake muda mwingi, na haikutengenezwa kubeba mzigo mzito kutwa. Haina manifoldi ya ekzosi inayopozwa kwa maji, na ile ya kawaida hupata moto wa kuunguza ndani ya chumba cha mbao. Sampu yake (bakuli la oili chini ya injini) haikuchorwa kukaa imeinamia nyuma, kwa hiyo kijiti cha oili kitakudanganya. Mkishanunua kila kinachopungua, bei ya kutupa itakuwa imekwisha kutupwa.

Mimi ninavyobashiri kwa barua yako: bloku ya maji chumvi ya umri huo itakuwa imeliwa, na mtanunua mashine nyingine. Nitafurahi kukosea. Mpaka vipimo vitakapotoka, tunaweza kukubaliana kuhusu jambo moja leo. Mashine mbishi kuwaka, isiyofika mizunguko yake, haibebi wageni. Vueni karibu, nanga iwe tayari mbele na kamba yake imefungwa, na nyavu zikishatupwa zimeni mashine badala ya kuiacha iungurume. Kwa taa ongezeni betri au wekeni paneli ya jua.

Na kama itatoka, msiiuze kama chuma chakavu. Stata, alteneta, pampu ya nozeli, giaboksi, hata ile pampu ya maji chumvi, vyote vina mwenyewe anayevitafuta kwa ajili ya mashine kama hiyohiyo. Vifungueni, vipakeni oili, viwekwe mahali pakavu, na tangazo liandikwe namba ya modeli kamili kama ilivyo kwenye kibao.